Sekunde Mbili za Kimya

"Mwanangu, hapa nani kazima taa?"

Maalim aliniuliza hivyo akiwa amekaa barazani kwake, Ng'ambo, Unguja, mgongo ameuegemeza ukutani na mlango wa chumba cha mbele ameuacha wazi ili sauti ya deki na sabufa itufikie. Bashraf, ule muziki wa ala tupu unaotangulia nyimbo za taarabu, ilikuwa imefika mwisho wake, fidla zimeshikilia noti ndefu inayomkaribisha mwimbaji, na hapo hapo kila kitu kikatoweka: ukumbi, watu, feni za darini, hata ule mtetemo mdogo wa nyuzi za ganuni ambao haukomi mpaka mpigaji aweke viganja juu yake. Kwa sekunde mbili hapakuwa na chochote. Kisha ukumbi ukarudi ghafla pamoja na pigo la kwanza la ngoma ya dumbak, na wimbo ukaanza kama kwamba watu wote walikuwa wametoka nje wakarejea kwa mpigo mmoja.

Maalim hajawahi kugusa kompyuta, lakini usiku ule wa onyesho alikuwa jukwaani na ganuni mapajani, na alijua vizuri kwamba ukumbi haukunyamaza namna ile hata mara moja. Mimi nilijua zaidi ya hapo. Nilijua kwamba sidii thelathini zenye kosa lile zilikuwa zimekwisha kugawiwa wanachama wa kikundi, na kwamba kosa lilikuwa langu, si la mashine.

Najua wapo watakaoshangaa kwamba bado kuna mtu anayechoma sidii wakati muziki wote umehamia kwenye simu na flashi. Wazee ninaowarekodia wana deki, wanajua kuitumia, na wanapenda kushika mkononi kitu chenye majina yao. Kwangu mimi sidii ina faida nyingine: ukishaichoma na kuifunga isiandikwe tena, huwezi kuirekebisha kimyakimya usiku kama unavyobadilisha faili lililoko mtandaoni. Inakulazimisha uamue, na katika kuamua nimegundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kumasta, ile hatua ya mwisho ya kuitayarisha rekodi kabla ya kuichoma, imo mahali ambapo msikilizaji hadhani kuna kazi yoyote, yaani katika kimya: kile kinachotangulia wimbo, kile kinachoufuata, na kile kilichojificha chini kabisa ya sauti.

Kurekodi kwenyewe kulifanyika usiku mmoja, katika ukumbi wenye madirisha yasiyofungika sawasawa, kwa vipaza sauti vinane na mashine iliyohifadhi kila chaneli peke yake kwa kilohezi 48 (vipimo 48,000 vya wimbi kila sekunde) na biti 24 (ndizo usahihi wa kila kipimo). Nilitumia wiki mbili kuzichanganya chaneli hizo nane mpaka zikawa mbili, ya kushoto na ya kulia, ambayo ndiyo miksi ya stereo. Wengi hudhani kazi imeishia hapo na kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kuchoma. Nami nilifanya karibu hivyo hivyo: hatua iliyobaki, ya kuziweka nyimbo zote pamoja, kuzilinganisha na kuzitayarishia diski, niliimaliza kwa jioni moja, masikio yakiwa yamechoka na nyimbo nimekwisha kuzizoea hata sizisikii tena.

Ugumu wa kumasta unatokana na kwamba vitu vyote vimekwisha kuungana. Huwezi kuinua udi peke yake wala kumsogeza nyuma mwenye akodiani. Kila unachokigusa kinawagusa wote. Katika wimbo wa tatu mwimbaji alikuwa na herufi "s" kali inayochoma sikio. Nikachukua ekwalaiza, nikapunguza eneo lililo kati ya kilohezi sita na nane, "s" ikatulia, lakini visahani vya rika, ile dafu ndogo, navyo vikafa, kwa sababu rika inaishi mtaa ule ule. Nilihangaika kwa saa nzima nikipunguza kidogo hapa na kuongeza kidogo pale, kabla sijakubali kilicho wazi, kwamba dawa ilikuwa kwenye miksi, kwenye chaneli ya mwimbaji peke yake, ambako ilinichukua dakika tano. Nikisikia mtu anasema kwamba kasoro fulani "itarekebishwa kwenye masta", huwa ninamwomba arudi nyuma kwanza.

Chumba changu si studio. Ni chumba cha kulala chenye godoro lililosimamishwa nyuma ya kiti na pazia nzito dirishani, na kabla ya kuanza kusikiliza huzima feni na kuchomoa friji iliyo upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa mngurumo wake wa hezi 50 huzifunika noti za chini za fidla kubwa nami nikaanza kuongeza besi isiyohitajika. Husikiliza kwa sauti ndogo, kiasi cha kumsikia mtu akibisha hodi. Baada ya hapo hupeleka nakala ya majaribio kwenye sabufa ya jirani, kwenye redio ya gari, na kwenye deki yoyote iliyo karibu, nikiandika kwenye daftari kile kinachonisumbua katika sehemu zaidi ya moja. Kinachosumbua kwenye sabufa peke yake ni tatizo la sabufa.

Kosa la kwanza la toleo lile lilikuwa la kupenda sauti kubwa. Katika sauti ya kidijitali sifuri ndiyo dari, na juu yake hakuna kitu. Wimbi linalotaka kupita hapo hukatwa kichwa likabaki bapa. Limita hukuwezesha kuisukuma sauti yote juu huku ikivibana vilele visiguse dari, na mimi niliisukuma desibeli nane. Kila nilipolinganisha iliyosukumwa na isiyosukumwa, iliyosukumwa ilinipendeza zaidi. Ni mtego wa zamani. Tangu mwaka 1933 Fletcher na Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio halizisikii besi sawasawa sauti inapokuwa ndogo, kwa hiyo ukiongeza ukubwa tu, bila kugusa kitu kingine, utahisi besi imejaa na muziki umepata uhai. Dawa yake ni kulishusha toleo lililosukumwa mpaka lisikike na ukubwa ule ule wa toleo la awali, kisha ndipo uhukumu.

Nilipofanya hivyo baada ya ile siku ya barazani, aibu ilinishika. Mpigaji wa dumbak ana mapigo mawili ya msingi: "dum" inayotoka katikati ya ngozi na "tak" inayotoka ukingoni. Katika toleo langu "dum" ilikuwepo, imenenepa, lakini "tak" ilikuwa imebanwa mpaka ikawa kama mtu anayegonga mto wa kulalia, na kila ilipopigwa limita iliivuta chini sauti ya mwimbaji pamoja nayo, hivyo mwimbaji akawa anapanda na kushuka kama chombo kilicho kwenye mawimbi. Mara ya pili nilisukuma desibeli tatu tu. Kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kilichotokana na kanuni ya mwaka 2006 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wastani ulikuja kwenye hasi kumi na sita hivi, ambao kwa sidii za biashara za miaka ya karibuni ni mdogo sana. Mwenye kutaka zaidi ana kitufe cha sauti mkononi mwake.

Dari yenyewe nikaiweka desibeli moja chini ya sifuri, kwa sababu ambayo sikuifahamu zamani. Sampuli ni nukta tu zilizopangwa kwenye wimbi, na deki inapozirudisha kuwa sauti huzipitishia mstari uliopinda. Nukta mbili zinaweza kuwa chini ya dari zote mbili, lakini mstari unaoziunganisha ukapanda juu yake, na deki ya bei nafuu ikakwaruza mahali ambapo kompyuta yako ilikuonyesha salama.

Baada ya hapo kukawa na suala la nyimbo zenyewe kwa zenyewe. Katikati ya onyesho kulikuwa na taksim ya udi, mpigaji peke yake kwa dakika nne na zaidi. Kipimo kilisema udi uko chini mno, na kama ningekifuata, mtu mmoja mwenye ubao wa nyuzi angesikika mkubwa kuliko kikundi kizima kilichomfuata. Nilikiacha kipimo, nikafumba macho, nikawa ninasikiliza pale udi unapokwisha na kikundi kinapoingia, nikiushusha udi kidogo kidogo mpaka mpigaji akawa amekaa kwenye kiti kile kile alichokalia wakati wenzake wanapiga. Kwa nyimbo zilizobaki nililinganisha kwa sauti ya mwimbaji. Msikilizaji husamehe fidla zikipanda na kushuka kati ya wimbo na wimbo, lakini mwimbaji akisogea hatua mbili nyuma atajua mara moja.

Urefu wa jumla ulikuwa dakika 71, nami nikashukuru. Diski tupu za kawaida huchukua dakika 80, na zile za awali zilikuwa za dakika 74. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, upande mmoja wa santuri ulikuwa wa dakika tatu au zaidi kidogo, na nyimbo zilizozoea kunyooshwa usiku kucha zililazimika kuingia humo. Kila ninapolalamika kuhusu dakika 80 huwa ninawakumbuka.

Sasa turudi kwenye kimya, maana ndicho kilichonipeleka barazani.

Kimya cha ukumbi kina sauti. Ukikata wimbo pale makofi yanapokwisha, ukaacha nafasi tupu, kisha ukaanzisha wimbo unaofuata, msikilizaji anasikia shimo hata kama hawezi kulitaja. Bahati nzuri nilikuwa nimerekodi dakika kadhaa kabla ya onyesho, watu wakiwa wamekaa tayari, wananong'ona na kusogeza viti. Nilichukua vipande vya hewa ile, nikavipitisha chini ya viungo vyote kwa kufifisha kimoja huku nikiinua kingine, na hakuna mahali katika dakika 71 ambapo ukumbi uliondoka, isipokuwa mwisho kabisa, ambapo niliufifisha kwa sekunde kumi na mbili. Katika toleo la kwanza nilikuwa nimeufifisha kwa sekunde tatu. Tofauti ni kama ya mgeni anayeaga na mgeni anayekatikiwa na simu.

Kimya cha pili ni kile cha chini kabisa, na hapa lazima nizungumzie biti, kwa sababu miksi yangu ilikuwa ya biti 24 na sidii haipokei zaidi ya 16. Kanuni ya sidii ya sauti, iliyotungwa na Philips na Sony na kutolewa mwaka 1980, inataka stereo, biti 16, na sampuli 44,100 kwa kila sekunde. Namba hiyo ya ajabu ilitokana na mashine za video, ambazo wakati ule ndizo zilizoweza kubeba data nyingi kiasi hicho: sampuli tatu kwenye kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde katika mfumo wa Marekani, au mistari 294 mara 50 katika ule wa Ulaya. Zidisha, utapata jibu lile lile kwa njia zote mbili. Mimi nilirekodi kwa 48,000, na kati ya namba hizo mbili uwiano ni 160 kwa 147, ambao hauko rahisi hata kidogo, kwa hiyo kompyuta inabidi ikokotoe upya kila sampuli. Ningekuwa na busara ningerekodi kwa 44,100 tangu mwanzo.

Biti 16 zinakupa ngazi 65,536 kutoka chini mpaka juu, na ukisikiliza kikundi kizima kikipiga, ngazi hizo zinatosha na kusaza. Tazama lakini mwisho wa taksim ya udi. Mpigaji anavuta uzi mnene mara ya mwisho na kuuacha ufe wenyewe. Sauti inaposhuka desibeli 80 chini ya dari, wimbi lote linapanda na kushuka kati ya tatu juu ya sifuri na tatu chini yake: ngazi saba, basi. Ukiikata faili ya biti 24 kikatili, ukazitupa biti nane za mwisho, wimbi laini la uzi linageuka ngazi za kupandia darini, na sikio linasikia mchanga. Nilivaa hedifoni, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikausikia: udi unafifia, unakuwa kama unapigwa ndani ya kopo, kisha unakatika pale pale badala ya kuzama.

Kinachozuia hali hiyo kinaitwa ditha, nayo ukielezwa mara ya kwanza utadhani unataniwa. Kabla ya kupunguza biti unaongeza kelele kidogo kwa makusudi, kelele ya kubahatisha isiyofuata muziki, yenye ukubwa wa ngazi moja au mbili. Kelele hiyo inalivunja kosa la kukata ngazi lisiweze kulifuata wimbi, na mahali pa mchanga unapata mvumo mwembamba, sawasawa, kama wa kanda nzuri iliyotulia, na chini ya mvumo huo udi unaendelea kusikika hata baada ya kushuka kuliko ngazi ya mwisho kabisa. Sharti lake ni moja: iwekwe mara moja, mwisho wa kila kitu. Mimi katika toleo la kwanza niliiweka, nikaona nimemaliza, kisha nikakumbuka kwamba wimbo wa tano uko juu kidogo, nikaushusha desibeli moja kwenye faili lile lile la biti 16, na hivyo nikarudisha mchanga niliokuwa nimeuondoa.

Lakini yale ya sekunde mbili yalitokana na namna ya kuchoma, na hili ndilo ninalotaka mtu yeyote mwenye rekodi ya onyesho, maulidi, harusi au ibada alielewe kabla hajaweka diski yake kwenye mashine.

Programu nyingi za kuchoma zina njia mbili. Katika njia ya wimbo mmoja mmoja, leza inaandika wimbo, inazima, kisha inawaka tena kwa wimbo unaofuata, na kati yao kunabaki pengo la sekunde mbili. Katika njia ya diski nzima kwa mara moja, leza inawaka mwanzoni kwenye orodha ya nyimbo iliyo karibu na tundu la katikati na haizimi mpaka ukingo wa mwisho, na mapengo yanakuwa yale unayoyataka wewe, hata yasiwepo. Programu yangu ilikuwa imewekwa kwenye njia ya kwanza, na sikuangalia. Swali la Maalim lilikuwa sahihi hata kifundi: taa ilikuwa imezimwa kweli, na aliyeizima ni mimi.

Nikabadilisha njia, nikachoma diski moja ya majaribio, nikaenda moja kwa moja kwenye kiungo cha bashraf na wimbo. Pengo halikuwepo, lakini kulikuwa na "tik" ndogo, kama ukucha unaogonga kioo. Hiyo ilinichukua siku mbili. Sidii haigawanyi wakati kwa sampuli. Inaugawanya kwa fremu, 75 kwa kila sekunde, na kila fremu ina sampuli 588 kamili kwa kila upande. Wimbo ukiukata katikati ya fremu, programu inaijaza nafasi iliyobaki kwa sifuri, na hata sifuri za sehemu ndogo ya milisekunde 13 zikiangukia katikati ya noti ya fidla, sikio linazikamata. Tangu hapo sikati nyimbo kabisa. Natengeneza faili moja la dakika 71, na kando yake naandika faili dogo la maandishi linaloitwa kyu, lenye mahali pa kuanzia kila wimbo kwa dakika, sekunde na fremu. Kiungo kile kimeandikwa 07:42:31: dakika saba, sekunde arobaini na mbili, fremu ya thelathini na moja. Muziki unapita hapo bila kujua kwamba kuna alama.

Faili hilo la kyu lilinifunza pia mahali pa kuweka makofi. Kila wimbo kwenye sidii unaweza kuwa na alama mbili, ya sifuri na ya moja. Anayesikiliza mfululizo anasikia yote, lakini anayeruka kwa kitufe anatua kwenye alama ya moja. Kwa hiyo vigelegele, kukohoa, na ule wakati mrefu wa kukaza nyuzi nimeviweka kati ya alama hizo mbili: anayetaka usiku mzima anaupata, na anayetaka wimbo wa sita anapelekwa kwenye wimbo wa sita. Katika deki nyingine wakati huo saa huhesabu kurudi nyuma kuelekea sifuri, na wajukuu wa Maalim waliufanya mchezo.

Kuhusu diski tupu zenyewe sina mengi. Nanunua zenye jina ninalolifahamu, nachoma kwa kasi ya 16, yaani mara 16 ya kasi ya kusikiliza, ambayo kwa dakika 71 ni kama dakika tano pamoja na kufunga, na siifungui programu nyingine wakati huo. Sikubaliani na wanaosema kadiri unavyochoma polepole ndivyo bora, kwa sababu rangi inayochomwa na leza ndani ya diski za siku hizi imetengenezwa kwa kasi kubwa. Diski isiyofungwa deki nyingi huikataa. Juu yake naandika kwa kalamu laini ya wino wa maji, sibandiki karatasi, kwa kuwa upande wa maandishi ndio dhaifu: leza inasoma kupitia plastiki yenye unene wa zaidi ya milimita moja upande wa chini, lakini upande wa juu utando unaong'aa umefunikwa na rangi nyembamba tu, na ukiuchuna umechuna muziki wenyewe. Mikwaruzo midogo ya chini husamehewa, kwani data imetawanywa na kuwekewa hesabu za kujirekebisha zinazoweza kurudisha kipande kilichopotea cha karibu milimita mbili na nusu.

Hata hivyo sidii ya sauti inajilinda kidogo kuliko diski ya data. Fremu yake hubeba baiti 2,352 zote za muziki, wakati diski ya data huchukua 2,048 na kuziachia zilizobaki kazi ya ulinzi wa ziada. Deki ikishindwa kusoma sampuli inakisia kutokana na jirani zake na kuendelea, wala haikuambii. Ndiyo maana siamini masikio yangu peke yake. Diski ya kwanza ya kila kundi huirudisha kwenye kompyuta kama faili, nailaza sambamba na masta, nalipindua wimbi moja juu chini, kisha nazicheza pamoja: zikilingana kabisa, zinafutana. Mara ya kwanza nilisikia muziki mwembamba wa ajabu, kwa sababu kiendeshi huanza kusoma sampuli kadhaa kabla au baada ya mahali palipokusudiwa. Nililisogeza faili mpaka mawimbi yakakaa sawa, na ghafla mawili hayo yakafutana: dakika 71, mshale wa kipimo haukucheza hata mara moja. Ndicho kimya pekee kamili nilichokihitaji katika kazi yote ile.

Nilichoma thelathini nyingine, nikazikusanya zile za kwanza nyumba kwa nyumba, na za Maalim nikazipeleka mwisho. Jioni, baada ya sala ya alasiri, tulikaa pale pale barazani. Bashraf ilipokaribia mwisho aliinua kidole kimoja, akakishikilia hewani. Noti ya fidla ikanyooka, mtu mmoja ukumbini akakohoa, dumbak ikaingia na "tak" yake, na mwimbaji akafuata. Maalim akashusha kidole, akasikiliza wimbo mpaka nusu.

"Huyo aliyekohoa namjua," akasema. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumtolea na kanda, kwa ajili ya mwenzake wa Pemba ambaye deki yake imekufa lakini redio yake ya kanda bado inafanya kazi. Nikamwambia inawezekana. Kanda ya dakika 90 ina 45 kila upande, muziki ni dakika 71, na ukihesabu kutoka mwanzo dakika ya 45 inaangukia katikati kabisa ya wimbo mrefu kuliko zote. Tulikaa mpaka magharibi tukibishana tuigeuze kanda wapi.